Afande Ndani ya Kochi

Siku ya kwanza kumwona alilala sakafuni katika karakana yangu na kuniambia nimpime.

Nilikuwa nimeinama napigilia pini kwenye mgongo wa kiti. Nikasikia hodi, nikaitikia bila kuinua kichwa. Nilipokiinua nikaona mwanamke mrefu, mnene wa haki, nywele fupi zenye mvi, viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka taa inaonekana ndani yake. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa makochi. Nikasema ndiyo. Akatazama huku na huku, akasogeza mabaki ya sponji kwa mguu, akajilaza chali katikati ya vumbi la mbao, mikono ubavuni, kama mgonjwa anayemngoja daktari.

"Nipime," akasema.

"Nikupime... vipi, mama?"

"Urefu, upana na unene. Hasa unene. Nataka kochi nitakaloenea ndani yake."

"Juu yake."

"Ndani, fundi. Ningetaka la kukalia ningelala huku chini?"

Mimi ni mtu wa haya. Wateja huongea na mke wangu, mimi huongea na mbao. Kumpima mwanamke nisiyemjua, kalala miguuni pangu, mlango uko wazi na watu wanapita barabarani, kulinitoa jasho la mgongo. Nilishika futi kamba kwa ncha za vidole kana kwamba yule mama ni pasi ya moto. Nilipofika tumboni nikakadiria kwa macho.

"Umekadiria," akasema, macho yake yako darini. "Pima. Nikikwama mle ndani utanitoa wewe."

Hapo ndipo mke wangu alipoingia na chai. Akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama mgeni, akaitazama futi kamba.

"Haya," akasema. "Siku hizi tunatengeneza na majeneza?"

"Ni kochi," akajibu yule mama kutoka sakafuni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa mara moja. "Hujambo, mwanangu? Hiyo chai ina sukari?"

Walipatana papo hapo. Mimi ndiye niliyebaki na futi kamba mkononi.

Kila mtu alimwita Afande, hata mdogo wake wa tumbo moja. Maisha yake yote ya kazi alikuwa askari katika gereza la wanawake, mpaka akastaafu. Alikuwa na tabia zake. Hakuingia mlangoni kwanza. Alisubiri wote mpite, kisha akaingia yeye na kuufunga. Akiongea, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kiunoni, pale ambapo zamani palining'inia funguo, ukapapasa hewa, ukarudi. Na kila alipoingia mahali penye watu aliwahesabu kwa macho. Mke wangu alipomwuliza kwa nini anatuhesabu kila anapokuja, aliona aibu, akasema hata nyumbani kwake huhesabu vikombe, maana watu hakuna. Mumewe alifariki mapema, na binti yao mmoja aliolewa mbali.

Kochi lilikuwa la sinema. Alikuwa anatengeneza sinema yake ya kwanza, ya kuchekesha, juu ya wanawake watatu waliotaka kuwa wezi na hawakuweza. Mpigapicha alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana wa kupiga harusi. Waigizaji walikuwa mdogo wake, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na majirani zake wawili, ambao mmoja wao hakuweza kabisa kuacha kuitazama kamera.

"Sinema za wizi zinanichosha," aliniambia siku aliyokuja kuchagua kitambaa. "Mwizi mrembo, mwizi anaruka ukuta, mwizi anafungua sefu kwa sikio. Nimechunga wezi tangu nikiwa msichana, fundi, na sijapata kumwona hodari hata mmoja. Hodari hawakuletwa kwangu."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka birika chini.

Halafu akatusimulia kisa chenyewe. Wanawake watatu, wafua nguo, walisikia kwamba mama mmoja tajiri mwenye duka la vitambaa ameagiza kochi kubwa. Mmoja wao alikuwa na shemeji mchukuzi, ndiye atakayelipeleka. Wakaona mlango umejifungua wenyewe. Aliye mdogo kuliko wote ataingia ndani ya kochi, watalipigilia, litabebwa mpaka sebuleni kwa tajiri. Nyumba ikilala, atatoka na kuwafungulia wenzake. Walijiandaa kwelikweli. Walimfundisha kubana chafya. Walimkataza maharage tangu juzi yake. Walimjaribisha kulala bila kukoroma.

"Waliwaza yote ya kuingia," akasema Afande. "Ya kutoka, hakuna aliyeyawaza. Mkasi wa kujichania kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyempa."

Basi kochi likafika. Mama tajiri akalifurahia, akalizunguka akilitazama, na katika kulizunguka akagonga kidole kidogo cha mguu kwenye mguu wa kochi. Akapiga yowe. Na ndani ya kochi ikatoka sauti ya upole kabisa: "Pole, dada."

"Akamjibu, 'Asante,'" akasema Afande. "Ndipo akaanza kupiga kelele za mwizi."

Tulicheka, mimi pia. Kisha nikaona yeye hacheki. Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye kitambaa, akiuvuta na kuuvuta.

"Aliletwa kwangu," akasema. "Akawasimulia wenzake, na mimi niko nje ya mlango nasikia. Nilicheka mpaka funguo zikalia. Kesho yake kwenye gwaride nikamwita Foronya, kwa kuwa alishonewa ndani. Kidogo tu, utani. Jina likamganda. Ametoka miaka mingi sasa na bado wako wanaomwita hivyo sokoni." Akaukata uzi. "Sijamwomba ruhusa. Nisindikize, fundi."

"Mimi?"

"Mpwa wangu anaropoka. Mdogo wangu analia. Wewe hutasema neno."

Ni kweli sikusema neno. Yule Foronya alifanya kazi kwa dobi mmoja nyuma ya stendi, chumba kirefu chenye mvuke na mashati yaliyotundikwa. Alikuwa mwanamke mdogo, mikono imechujuka kwa sabuni, anapiga pasi. Alipoinua macho na kumwona Afande, aliweka pasi wima, akarudi hatua nyuma, akasimama mkakamavu, mikono mgongoni, macho chini. Dobi mwenzake akamshangaa.

"Usisimame hivyo, dada," Afande akasema taratibu.

"Miguu ndiyo imesimama. Mimi sijaiambia." Akaitoa mikono mgongoni kwa hasira, akaichukua pasi. "Umefuata nini?"

Afande akamweleza, vibaya, akirukaruka, anaanzia mwisho. Foronya alipiga pasi shati zima, kola, mabega, mikono, bila kumtazama.

"Kwa hiyo watu walipe kiingilio waje wanicheke," akasema.

"Hawatajua ni wewe."

"Mimi nitajua." Akageuza shati. "Nakaa na mwanangu na mkewe. Mkewe anajua miaka ile nilikuwa mbali nafanya kazi za ndani. Ni binti mzuri, ananiita mama kutoka moyoni. Unajua kinachonitisha, Afande? Si kifungo, kilikwisha. Ni kile kicheko. Kuna cha mtu anayecheka na wewe, na kuna kile chenu. Chenu bado nakisikia nikilala."

Afande alikuwa mkubwa mara mbili yake, lakini pale alionekana kama mtoto aliyevunja sahani.

"Sema neno tu, naacha," akasema.

Foronya akalitundika lile shati, akachukua jingine. Nadhani na yeye alitaka kuona. Nani asingetaka kuona?

"Itengeneze," akasema mwishoni. "Siku ya kuionyesha nitakuja, nitakaa nyuma, na mkwe wangu. Watu wakicheka vizuri, haya. Wakicheka kile kicheko chenu, nitasimama. Nikisimama, unazima. Hapohapo, katikati, hata wakikutukana. Na haionyeshwi tena popote."

"Nazima," Afande akasema.

"Niahidi kama mtu, si kama askari."

"Nakuahidi, dada."

Kufika karakana akaniambia nitoboe matundu ya hewa chini, yasionekane. Nikamwambia nitaweka na kijimlango cha ndoano kwa nyuma, asukume na kutoka. Akakataa.

"Yeye hakuwa na mlango."

"Yeye alikuwa mwembamba, Afande."

"Hapana mlango. Wewe utasimama pembeni na mkasi. Nikisema 'fungua', unafungua. Nisiposema, usiguse."

Sikupenda. Nililitengeneza lile kochi kwa hofu, kama mtu anayetengeneza kitu kitakachomdai baadaye. Fremu niliifanya pana, springi za katikati nikaziondoa, sponji nikaikata nyembamba upande wa uso. Nililala mwenyewe ndani, mke wangu akanifunika, nikavumilia kidogo tu nikaanza kugonga. Alinitoa akisema nina rangi ya majivu. Nikaongeza matundu.

Siku ya kupiga picha tulikwenda kwa mdogo wake, yule mwalimu. Kochi halikupita mlangoni. Tukang'oa mlango. Likapita, likakwama kwenye kona ya ukumbi, likachubua rangi ya ukuta, na mwalimu akasema kwa ile sauti ya kuwaambia watoto, "Polepole, polepole, hatukimbii, eeh?" Mpwa alikuwa amevaa kofia mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Jirani wa kwanza aliitazama kamera. Wa pili alimfinya asiitazame, na kufinyana huko kukaingia kwenye picha.

Kisha Afande akaingia ndani ya kochi. Nilimfunika, nikavuta kitambaa, nikapiga pini kuzunguka, moja baada ya moja. Kila pini niliyopiga niliihisi mwenyewe. Tukalisukuma kochi mpaka katikati ya sebule, kama ilivyokuwa kwa yule tajiri.

"Shangazi, uko sawa?" mpwa akauliza.

"Piga picha, acha maswali," ikasema sauti ndani, nzito, kama inatoka kisimani.

Mwalimu akaingia akicheza tajiri. Akalizunguka kochi, akalipapasa, akajifanya amegonga kidole. "Uuuwi!" akasema, kama anayesoma ubaoni.

Tukangoja lile neno la pole. Halikutoka.

"Uuuwi," akarudia mwalimu, kwa nguvu zaidi.

Kimya. Mpwa akanionyesha kwa mkono nitulie, kamera inaendelea. Nilikuwa nimeshika mkasi mpaka vidole vinauma. Nilitazama kitambaa cha mbele, mahali nilipojua kifua chake kipo, nikaona hakipandi wala kushuka, kisha nikakumbuka ni sponji, isingeonekana. Alisema nisiguse mpaka aseme fungua. Alisema. Nikajiambia, mtu mzima, askari, anajua anachofanya. Nikajiambia, na kama hawezi kusema?

"Afande?" nikaita.

Hakuna jibu.

"Ngoja kwanza, fundi, inapendeza hii," mpwa akanong'ona.

Sikungoja. Niliingiza mkasi pembeni nikachana kutoka mwanzo hadi mwisho, kitambaa kizuri, kipya, na nikavuta sponji. Alikuwa macho. Uso umelowa, jasho au machozi, sijui. Alinitazama kama mtu anayeangalia kutoka mbali.

"Sikusema fungua," akasema.

"Hukusema chochote."

"Nilisahau kwamba naweza kusema."

Mdogo wake alikuwa tayari analia. Tukampa maji. Mpwa alitaka kuahirisha. Afande akakataa, akasema nishone tena. Nikashona kwa uzi mrefu, haraka, mshono wa kishamba, nikamwambia mara hii nikisikia kimya napasua. Akasema sawa.

Mwalimu sasa alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ukamfanya atembee vibaya. Alipozunguka kochi hakujifanya. Aligonga kidole kwelikweli kwenye mguu wa mbao ngumu nilioupiga msasa mwenyewe, nasi wote tulisikia ule mlio.

"Mama yangu weee!"

"Pole, dada!" ikasema sauti ndani ya kochi, papo hapo, kwa huruma yote, ya dada kumwambia mdogo wake.

"Asante," akasema mwalimu huku ameshika mguu.

Mpwa akaangua kicheko mpaka kamera ikatikisika. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye sinema, na mtikisiko wake.

Siku chache baadaye Afande alikuja karakana, akakaa kwenye kigoda karibu na mashine. Mke wangu hakuwepo. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba mle ndani alikuwa anawasikia wale wanawake wake. Usiku mtu anagonga mlango wa seli, anasema afande fungua, tumbo, na yeye anamaliza kwanza chai. Si kwa ubaya. Chai ilikuwa ya moto, na mlango hauendi popote.

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Kila mara nilikuja. Lakini namaliza chai."

Niliendelea kukata sponji.

Akaniomba kitu. Ukumbi ulikuwa umepatikana, ule wa kukodi kwa harusi, siku ya Jumapili mchana. Mashine ya kuonyesha ingewekwa katikati, waya wake ukipita ukutani mpaka kwenye soketi karibu na mlango. Yeye atakaa mbele na wageni. Mpwa alikuwa amekataa katakata: "Shangazi, mimi sizimi kazi yangu mwenyewe, nimeumwa mgongo kwa hii kazi." Mwalimu mikono inamtetemeka.

"Wewe hupenda kukaa ukutani," akasema. "Kaa pale kwenye soketi. Mwangalie yeye tu. Akisimama, vuta."

"Na watu?"

"Watakutukana. Utastahimili?"

Nikasema nitastahimili, kwa kuwa ni vigumu kumkatalia Afande. Lakini tangu siku ile hadi Jumapili sikulala vizuri. Mimi ambaye kwenye vikao vya ukoo hukaa karibu na mlango nisiulizwe maoni, niuzime ukumbi mzima! Mke wangu aliniambia niombe Mungu asisimame mtu yeyote siku hiyo. Mke wangu hunitania hata nikiwa na homa.

Tuliziba madirisha kwa mablanketi na mabaki ya vitambaa vya makochi, hata ukumbi ukawa na maua ya kila aina. Watu walijaa kuliko tulivyodhani. Walikuja majirani, wazazi wa watoto wa chekechea, na askari wastaafu wenzake Afande, ambao waliingia mmoja mmoja kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie, mpaka mlangoni pakaziba. Foronya alikuja mwishoni kabisa, amevaa gauni la kijani, na mkwe wake amemshika mkono. Wakakaa safu ya nyuma. Hakunitazama. Mimi nilikaa kwenye kigoda chini ya soketi, mkono wangu juu ya plagi, na tangu hapo sikuona sinema. Niliona shingo ya Foronya.

Nilisikia tu. Watu walicheka mapema, pale wezi wanapomfundisha mwenzao kubana chafya kwa pilipili. Shingo haikusogea. Walicheka jirani alipoitazama kamera. Nadhani walidhani ni makusudi. Shingo haikusogea. Nikajaribu kupima kile kicheko, ni cha namna gani, kizuri au kile kingine, na nikaona sijui, mimi sijawahi kuchekwa kwenye gwaride. Mbele kabisa kichwa cha Afande kilikuwa kimegeukia nyuma. Na yeye hakuwa anatazama sinema. Tulikuwa wawili tunamtazama mwanamke mmoja mdogo gizani, naye anatazama kochi langu.

Kochi likaingia sebuleni. Nililijua kwa ukimya. Nikasikia viatu vya mwalimu vikilizunguka. Mtu fulani mbele ya Foronya na mkwe wake akaanza kucheka kabla ya wakati, mwanaume mnene mwenye mabega mapana, akainuka nusu kwenye kiti akimgonga mwenzake, "Tazama, tazama!"

Na Foronya akasimama.

Nilivuta. Sikufikiri. Plagi ilitoka na cheche ndogo, na ukumbi ukaingia giza lenye maua.

Kwanza kimya, kisha kelele. "Aah!" "Nani huyo?" "Umeme!" "Si umeme, kuna mtu pale ukutani!" Mpwa aliruka viti akija kwangu, ananiita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilikaa pale nimekumbatia plagi kifuani kama mtoto, najiambia alisimama, alisimama, nilimwona.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya juu, ya hasira, ikafunika zote.

"Nani kazima? Washeni bwana! Nimesimama nione, huyu baba amenikinga! Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya lile kochi, nina haki ya kuona nilivyotoka!"

Ukumbi ulinyamaza kabisa. Hata mpwa alisimama, mguu mmoja juu ya kiti.

Nadhani na yeye alijisikia mwenyewe wakati ule, kama alivyojisikia siku ile kwa tajiri, neno likiwa limeshatoka na haliwezi kurudishwa ndani. Katika mwanga mdogo uliopita kwenye blanketi niliona amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama?" akasema mkwe wake.

Afande alikuwa amesimama mbele, mkono kiunoni, unapapasa.

"Ndiyo, mwanangu," Foronya akasema, chini sana, lakini wote tulisikia. "Tutaongea nyumbani."

Yule binti alibaki ameketi, mikono mapajani. Kisha akainuka akamgusa bega yule baba mnene aliyekuwa mbele yao. "Baba, samahani, kaa chini," akasema. "Mama anataka kuona." Hakukaa tena. Alisimama kando ya mama mkwe wake, ameshika mikoba yote miwili, na sikuweza kuusoma uso wake, wala sijui mpaka leo waliongea nini nyumbani.

Mpwa alininyang'anya plagi. Mashine ilichukua muda kuwaka, mwanga wa buluu, halafu hakuna, halafu buluu tena. Ilipowaka akarudisha nyuma kidogo. Mwalimu akalizunguka kochi. Akagonga kidole. "Pole, dada!" Watu walicheka, wakageuka kumtazama Foronya huku wanacheka, wakaona aibu, wakaacha, na yeye peke yake akaendelea, kicheko chembamba cha kukwaruza, kana kwamba hakijatumika siku nyingi. Walipomsikia wakarudi kucheka naye. Ukiniuliza kama kilikuwa kicheko kizuri, nasema kilikuwa kizuri. Alibaki amesimama mpaka mwisho, lakini ni kwa sababu ya mabega ya yule baba.

Baada ya hapo watu walimzunguka Afande kumpongeza. Foronya na mkwe wake walitoka bila kuaga mtu. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa vyangu madirishani, nikitaka kuondoka kabla mpwa hajanikumbuka tena. Wiki hiyohiyo Afande alisafiri kwenda kukaa kwa binti yake. Huko aliugua, na habari za kifo chake alituletea mpwa, kofia mkononi. Sinema imeonyeshwa mahali pengi tangu wakati ule, na watu hunisimamisha barabarani kuniuliza kama ni kweli mtu anaweza kuenea ndani ya kochi. Huwaambia ndiyo, akipimwa vizuri.

Siku ile ya ukumbi Afande alinikuta mlangoni na mzigo wangu wa vitambaa begani. Wengine wote walikuwa wameshatoka. Alisubiri nipite kwanza, kama kawaida yake, nami nikasimama nimsubiri yeye, kwa haya, tukabaki hivyo, kila mmoja upande wake wa mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwomba radhi kwa kuwaharibia onyesho.

Akatikisa kichwa. Akatazama ile soketi ukutani, akanitazama mimi.

"Ulizima kweli, fundi," akasema. "Mimi ningejifanya sijamwona."